Macho ya manjano ya Mama na kompyuta ya sebuleni

Huku Sydney tu wazima. Baridi imeanza kuuma, na nikitoka zamu ya usiku nakuta vioo vya gari vimejaa ukungu.

Kwa kawaida safu hii huwaletea habari za afya: presha, sukari, chanjo za watoto. Leo naandika habari za kompyuta, na naomba msinicheke. Mimi si fundi. Nina diploma ya uuguzi niliyoisomea nyumbani na shahada niliyoiongeza huku, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyonifundisha kufungua kompyuta. Lakini mwaka jana, mwezi Juni, kompyuta yetu ya sebuleni ilimpeleka mama yangu hospitali bila ugonjwa wowote, na kosa lilikuwa langu. Nimeona niwasimulie ilivyokuwa, kisha niwape utaratibu tunaoufuata nyumbani siku hizi pale sauti inapopotea au picha inapoharibika.

Jumapili ile

Kwetu Jumapili ni siku ya Tanga. Siku za kazi naongea na Mama kwa simu ya mkononi, dakika kumi za mapumziko, nimesimama kwenye korido. Jumapili tunakaa sebuleni sote, mume wangu, mimi na watoto wawili, mbele ya kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa. Mama naye anakaa Makorora, simu ameiegemeza kwenye birika. Msimu wa baridi tunapishana saa saba, kwa hiyo saa tatu usiku yetu ni saa nane mchana yao. Ameshaswali Adhuhuri, ameshakula, ana nafasi.

Siku hiyo picha ilipotokea tu, moyo ulinipasuka. Weupe wa macho ya Mama ulikuwa wa manjano. Nikamwambia, "Mama, hebu geukia dirishani." Akageuka. Manjano. "Nionyeshe viganja." Manjano. Muuguzi yeyote akiona hivyo anawaza ini, anawaza nyongo, anawaza damu. Nikaanza kumsaili: mkojo una rangi gani? Choo kimepauka? Ngozi inawasha? Mama akanikatiza, "We mtoto, waniuliza mambo ya chooni na shangazi yako amekaa hapa?" Akasema hana homa, hana kichefuchefu, na wali na samaki wake ameumaliza wote.

Nikamuaga kwa upole, nikampigia mdogo wangu anayekaa Chumbageni. Maskini aliacha chakula jikoni, akadandia bodaboda. Alipofika akammulika Mama macho kwa tochi ya simu, akaniambia, "Dada, mbona mimi naona meupe?" Nikamwambia apige picha anitumie. Akatuma. Nikaifungua palepale kwenye kompyuta. Manjano! Basi nikatumia ile sauti ya wodini isiyokubali ubishi: mpeleke hospitali sasa hivi.

Walikaa huko hadi Magharibi. Mama alitolewa damu, ikapimwa, ini likaonekana halina tatizo lolote. Kilichokuwa juu ni presha, na hiyo naamini ilipandishwa na hofu niliyomtia mimi.

Asubuhi yake niliifungua picha ileile kwenye simu yangu. Macho meupe kama tui. Nikaifungua tena kwenye kompyuta, jua limeshachomoza. Meupe! Nimesimama nimeduwaa, mwanangu mkubwa wa miaka kumi akapita na bakuli lake la chai na mkate, akasema, "Mama, usiku ni ile Night light. Niliiwasha mimi, macho yalikuwa yananiuma."

Kwa wasioijua, Night light ni mpangilio ndani ya Windows unaopunguza mwanga wa bluu, kioo kikaelekea umanjano, ili kisichoshe macho usiku. Ukiupanga ufuate jua, unajiwasha lenyewe linapozama na kujizima linapochomoza. Mwezi Juni, jua la Sydney linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo kila tulipokaa usiku kuongea na Mama, kioo kizima kilikuwa na umanjano. Macho yetu yanauzoea baada ya dakika chache, hivyo hukuti kitu cha ajabu mpaka utazame jambo ambalo rangi yake ina maana kwako.

Nilipompigia Mama kumwomba radhi, alinijibu, "Kwa hiyo mie nimetobolewa mkono kwa ajili ya kioo chako." Sikuwa na la kusema.

Mtazame mgonjwa, kisha kipime kipimo

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazini singefanya kosa hilo. Tuna kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kikitoa namba ya kutisha, hatuanzi kukimbia. Tunamtazama mgonjwa: anapumuaje, midomo ina rangi gani, anaongea? Kisha tunakitazama kifaa: kidole ni cha baridi? Kina rangi ya kucha au piko nzito? Kifaa kimekaa vizuri? Mara nyingi kidole kikipata joto, namba inarudi mahali pake.

Jumapili ile nilikuwa na mtu amesimama mbele ya Mama na tochi mkononi akiniambia macho ni meupe, nami nikaamini kioo kilichoko Sydney kuliko macho yaliyoko Makorora. Ningefungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta na kuuweka kando ya simu, ningeona tofauti papo hapo. Ningeifungua picha ya mdogo wangu kwenye simu, jambo lingekwisha usiku uleule.

Toka siku hiyo, kompyuta ikileta matatizo ya sauti au picha, tunafuata kanuni tatu ambazo nimezitoa wodini. Kwanza, jua tatizo liko upande gani kabla ya kugusa chochote. Pili, anza nje kwenda ndani: waya na vitufe kwanza, mipangilio baadaye, draiva mwisho. Draiva, kwa lugha nyepesi, ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa kama kadi ya sauti au kadi ya picha. Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na sauti ikarudi, hujui kilichoponya ni kipi. Na isiporudi, huenda umeongeza ugonjwa wa pili.

Sauti inapopotea

Kanuni hiyo ya tatu niliilipia kabla ya habari ya macho. Desemba iliyotangulia kaka yangu alioa. Mimi sikupata likizo, kwa hiyo tukapanga nihudhurie kwa kompyuta. Nikahi ilikuwa saa tisa alasiri Tanga, na kwa kuwa kiangazi huku saa husogezwa mbele, kwetu ilikuwa saa tano usiku. Tumevaa, nimepaka hina, watoto wamevalia kanzu zao. Picha ikaja safi kabisa. Sauti, kimya.

Mume wangu akachomoa nyaya za spika akazichomeka upya. Mimi nikafuta programu ya simu nikaiweka tena. Yeye akaiwasha kompyuta upya wakati mimi bado nasubiri programu ikamilike. Tulihangaika hivyo dakika arobaini. Sauti ilipopatikana, kule walikuwa wanapitisha sahani za pilau. Kaka yangu wa pekee kaozwa mbele ya macho yangu na sikusikia alichojibu. Nilikuja kukisikia wiki mbili baadaye, kwenye video ya jirani, na nusu yake ni upepo.

Tatizo lilikuwa hivi. Mchana wa siku ileile mume wangu alileta kioo kipya, kikubwa zaidi, kwa ajili ya harusi. Akakiunga kwa waya wa HDMI. Waya huo hubeba picha na sauti pamoja, tofauti na ule wa zamani wa VGA unaobeba picha peke yake. Kompyuta ilipoona HDMI ikadhani imepata spika mpya, ikapeleka sauti yote kwenye kioo. Na kioo chetu hakina spika. Sauti ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa inapelekwa pasipo na mdomo. Dawa yake ni kubofya mara moja.

Kwa hiyo sauti ikipotea, nendeni hivi.

Ulizeni kwanza: ni upande wetu au wao? Chezeni wimbo au video iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ikisikika, spika zenu ni nzima. Tatizo liko kwenye programu ya simu, kwenye intaneti, au kwa mwenzenu. Mwambieni aliye upande wa pili aangalie kama amejizima kipaza sauti, au kama kidole au kifuniko cha simu kimeziba tundu la chini. Mama yangu huwa analiziba kwa birika.

Isiposikika, tazameni nje. Spika zina umeme? Taa yake inawaka? Kitufe cha kuongeza sauti kimezungushwa mpaka mwisho na mtoto? Waya umeingia kwenye tundu la kijani? Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani tundu la kijani ni la kutoa sauti na la waridi ni la kipaza sauti. Kompyuta nyingi pia zina tundu la mbele. Hedifoni zikiachwa zimechomekwa hapo, spika za nyuma huweza kunyamaza.

Kisha tazameni alama ya spika, chini kulia kwenye kioo. Bofyeni, na katika Windows 11 bofyeni tena ile alama ndogo iliyo kando ya mstari wa sauti. Itatokea orodha ya mahali sauti inapoweza kupelekwa. Chagueni spika zenu. Hapa ndipo arusi yangu ilipopotelea. Na hapahapa mtakuta kisa kingine kinachozipata familia zenye vijana: hedifoni za Bluetooth zimo ndani ya begi la shule, hazijazimwa, na sauti ya Bibi inaongea peke yake ndani ya begi.

Bado kimya? Bofyeni alama hiyo ya spika kwa kitufe cha kulia cha mausi, mfungue palipoandikwa Volume mixer. Kila programu ina mstari wake wa sauti, na huenda moja imeshushwa hadi sifuri huku nyingine zikisikika. Pia programu za simu kama WhatsApp na Zoom zina mipangilio yake zenyewe ya spika na kipaza sauti. Zinaweza kung'ang'ania kifaa cha zamani hata kama Windows imeshahamia kipya.

Kama nyinyi mnawasikia lakini wao hawawasikii, angalieni kitufe cha kuzima sauti kwenye waya wa hedifoni, kisha Settings, Privacy & security, Microphone. Programu isipopewa ruhusa hapo, mtapiga kelele bure. Na wakilalamika kuwa wanasikia sauti zao wenyewe zinarudi, ni spika zenu zinaingia kwenye kipaza sauti chenu. Punguzeni sauti au vaeni hedifoni.

Draiva ni ya mwisho kabisa. Fungueni Device Manager, mtafute sehemu ya sauti. Kama tatizo lilianza mara baada ya Windows kujisasisha, fungueni kifaa hicho mjaribu Roll Back Driver, yaani kurudisha ile ya zamani. Kama kitufe hicho kimefifia, chagueni kukiondoa kifaa kwenye orodha, kisha muiwashe kompyuta upya. Kwa kawaida Windows hukiona na kukiwekea draiva tena.

Picha inapoharibika

Hapa pia swali la kwanza ni lilelile: upande gani? Picha ya Mama ikija vipande vipande, ikiganda na kuruka, msiilaumu kadi ya picha. Chezeni video iliyomo ndani ya kompyuta. Ikienda vizuri, tatizo ni intaneti, yenu au yake. Mwambieni asogee karibu na dirisha au atumie mtandao mwingine wa simu, na nyinyi mwambieni kijana chumbani aache kupakua mchezo kwa nusu saa.

Rangi zikiwa za ajabu, pigeni picha ya kioo kwa kompyuta yenyewe, ile iitwayo skrinishoti, mjitumie kwenye simu. Umanjano wa Night light hauingii kwenye skrinishoti. Kwa hiyo kama kwenye simu rangi ni sawa na kwenye kioo si sawa, tatizo liko kwenye kioo, kwenye waya, au kwenye mpangilio huo. Uzimeni kupitia Settings, System, Display. Kumbukeni na kioo chenyewe kina vitufe vyake, na vingi vina namna yao ya kupunguza bluu. Anayetumia waya wa VGA naye autazame: kijipini kimoja kikilegea au kupinda, rangi moja hupotea, na ikipotea bluu kila kitu hugeuka manjano.

Kioo kikiwa cheusi kabisa lakini feni ya kompyuta inanguruma, tazameni taa ya kioo, sukumeni waya pande zote mbili, kisha bonyezeni kitufe cha kioo cha kuchagua chanzo. Kioo huenda kinasubiri HDMI ya pili wakati nyinyi mmechomeka ya kwanza. Halafu zungukeni nyuma ya kompyuta. Kama mna kadi ya picha ya kujitegemea, kuna sehemu mbili za kuchomeka kioo: matundu yaliyo jirani na yale ya USB, na matundu ya kadi yenyewe, ambayo kwa kawaida yako chini zaidi na yamelala. Waya uende kwenye kadi. Ukichomekwa kule kwingine, ama hampati picha, ama mnapata picha na michezo ya watoto inakokota kama punda mgonjwa, na kadi ya bei kali imekaa bure.

Kioo kikiwa cheusi au kimeganda katikati ya mazungumzo, bonyezeni kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Kioo kitapepesa, na draiva ya picha itaanza upya bila kufunga mlichofungua. Hii iandikeni kwenye karatasi mbandike ukutani.

Maandishi yakiwa makubwa na yenye ukungu, hasa baada ya Windows kujisasisha, nendeni Settings, System, Display, mrudishe kwenye kipimo kilichoandikwa Recommended. Kikigoma, fungueni Device Manager, sehemu ya Display adapters. Mkikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, maana yake draiva halisi ya kadi haipo, na Windows inatumia ya kuazima. Ipakueni kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, yaani NVIDIA, AMD au Intel, si kwenye tovuti inayojitokeza na kudai itawatafutia draiva zote.

Mistari, nukta za rangi na miraba inayotokea kompyuta ikifanya kazi nzito mara nyingi ni joto, na joto mara nyingi ni vumbi. Zimeni, chomoeni plagi, fungueni ubavu wa kompyuta na mpulize vumbi kwa mkebe wa hewa, huku mkiizuia feni kwa kidole isizunguke. Kama mistari inaonekana hata kabla Windows haijaanza, kwenye nembo ya mtengenezaji, basi si suala la programu. Jaribuni waya mwingine na kioo kingine. Ikibaki vilevile, kadi ndiyo inayoumwa.

Bendera

Mwaka 2010 hospitali za umma za jimbo letu la New South Wales zilianza mpango uitwao Between the Flags. Jina limetoka ufukweni: huku walinzi wa bahari husimika bendera za nyekundu na manjano, na watu huogelea katikati yake. Kwenye chati ya mgonjwa nako kuna eneo la manjano na eneo jekundu. Vipimo vikiingia kwenye manjano, unaita mwenzako aje atazame. Vikiingia kwenye nyekundu, unaita timu ya dharura bila kumwogopa mtu.

Nyumbani kwetu na kompyuta ina bendera. Waya, vitufe na mipangilio tunashughulika wenyewe, hata mtoto. Manjano ni pale mmefika kwenye draiva na hamjafanikiwa, au kadi inaonekana inakufa: iteni anayejua. Nyekundu ni harufu ya kuungua, moshi, cheche, au umeme kukatika kila mkiwasha: zimeni kwenye soketi na msiwashe tena. Na kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta, kinachoingia waya wa ukutani, msikifungue kamwe. Kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mnapomwita fundi, msimwambie "kompyuta imeharibika". Ni sawa na mgonjwa anayesema "naumwa" akanyamaza. Sisi tunapokabidhiana mgonjwa tunafuata mpangilio wa ISBAR: mimi ni nani, hali ikoje sasa, historia yake, nilichokikagua, na ninachoomba. Mwambieni hivi: "Nina kompyuta ya mezani ya Windows 11. Tangu Jumatatu haina sauti. Siku hiyo ilijisasisha. Nimebadilisha spika, nimechagua kifaa sahihi, nimerudisha draiva ya zamani, bado. Naomba unitazamie kadi ya sauti." Fundi mzuri atafurahi, na fundi mjanja ataona si rahisi kukuuzia kitu usichokihitaji.

Tena, kama kompyuta au kadi si ya zamani, kabla hamjalipa fundi rudini kwanza dukani. Sheria ya walaji ya Australia inawapa haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha bidhaa ikiwa na kasoro, na haki hiyo haifi kwa sababu tu garantii ya mtengenezaji imekwisha. Inategemea bidhaa hiyo ilitarajiwa idumu muda gani. Wekeni risiti.

Jambo moja la mwisho, na hili ni jekundu. Msimruhusu mtu aliyewapigia simu aingie kwenye kompyuta yenu kwa mbali. Huyo husema anatoka Microsoft au kampuni ya intaneti, kwamba kompyuta yenu ina virusi, na kwamba sauti au picha inasumbua kwa sababu hiyo. Microsoft haiwapigii watu simu bila kuombwa, na ujumbe halisi wa kosa wa Windows hauna namba ya simu ya kupiga. Kateni simu, na mripoti kwa Scamwatch. Wazee wetu waliokuja kwa watoto wao huku ndio wanaokaa peke yao mchana, simu ikilia wanaipokea kwa adabu, na matapeli wanapenda sana mtu mwenye adabu. Waambieni leo.

Mama anawasalimu

Huenda mtu akauliza, ya nini hangaiko lote hili, si kuna simu za mkononi? Simu ipo. Lakini simu ni ya mtu mmoja. Kwenye kioo kikubwa Bibi anawaona wajukuu wote kwa pamoja, nao wanamwona mzima, kuanzia kilemba hadi mikono. Mwanangu mdogo hajawahi kufika Tanga. Bibi anayemjua ni yule wa kwenye kioo. Sauti ya kioo ikifa, Kiswahili cha mtoto wangu nacho kinapungua wiki hiyo. Na rangi ikikosewa, mmeona yaliyonipata.

Siku hizi kabla ya kupiga Jumapili, mwanangu mkubwa ana kazi yake. Anazima Night light, anacheza wimbo mmoja wa majaribio, anafungua ukurasa mweupe, kisha anaita, "Tayari!" Daftari la matatizo liko kwenye droo chini ya kibodi, na kila kosa tulilolitatua limeandikwa na tarehe yake. Mama akitokea tu, kabla ya salamu, anafumbua macho kwa vidole viwili, anayasogeza karibu na simu na kuuliza, "Leo rangi gani?"

Meupe, Mama. Meupe pepe.

Tukijaaliwa, mwezi ujao tutarudi kwenye presha, maana ile ya Mama inanidai. Jitunzeni, na wapigieni simu waliobaki nyumbani.

Nesi wenu, Sydney